Kanula ya Ukoo

Bibi yangu, mama yake mama, alirudi mlimani akiwa na kanula ya dripu mkononi, na mimi niliiona nikanyamaza.

Naanzia hapo makusudi. Ndugu zangu wakisimulia habari hii huanzia kwenye kikao, kwa sababu ndiko kuliko na kicheko, nami hucheka pamoja nao kama vile nilikuwa mgeni mwalikwa. Sikuwa mgeni. Siku muuguzi wa zamu alipopita wodini na kisahani cha pamba, akiwatoa kanula wagonjwa waliopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji. Bibi alikuwa ameuviringisha mkono wake wa kushoto ndani ya khanga mpaka kwenye kiwiko.

“Bibi, wewe umeshatolewa?”

“Nimeshatolewa, mwanangu. Mwenzako yule mnene kanitoa asubuhi.”

Muuguzi akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nangoja matokeo, na kusema kweli nilikuwa najua. Nikakoroga uji.

Muuguzi akaenda kitanda cha pili.

*

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa ghafla. Nilikulia kwenye foleni ya sabuni, nikiwa darasa la pili nikaijua harufu ya mgongo wa mtu aliyesimama mbele yangu kuliko nilivyoijua harufu ya sabuni yenyewe. Kisha, kama mvua inayokuja bila wingu, Mwembesongo, mtaa tuliokaa mjini, ikafurika vitu. Sabuni za rangi zote, suruali zilizovaliwa Ulaya na watu wenye viuno vya ajabu, redio za kaseti, mabeseni, saa zilizokwenda wiki moja. Neno la wakati ule lilikuwa ruksa, na kila mtu alilitumia alivyoweza. Huko kijijini kwetu, juu ya Kiroka, ambako umeme ulikuwa habari ya bondeni, jirani mmoja alinunua friji. Wanawe waliipandisha mlima kwa mabega siku nzima. Aliweka humo mbegu za maharage, na lazima niseme kwamba panya hawakuzipata tena.

Hospitali nayo ililegezewa kamba kwa namna yake. Kitanda kilikuwa chao, ugonjwa ulikuwa wako, na vifaa ulete mwenyewe.

Bibi aliteremshwa mjini akiwa na malaria iliyomfanya azungumze na dada zake waliokwisha kufa, na kwa jinsi alivyokuwa akijibu, walikuwa wanagombana. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuweza kuacha darasa, kwa hiyo kumuuguza bibi kukawa kazi yangu. Daktari alinikabidhi karatasi ndogo: kwinini, chupa za maji, mpira wa dripu, glovu, plasta, kanula.

Karatasi ile niliipeleka kwa babu, mdogo wake bibi, aliyekuwa ameshuka naye. Kwetu Uluguru mtoto ni wa mama, shamba ni la mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Babu huyu alikuwa mjomba wa watu wengi sana. Alikuwa ndiye kichwa cha lukolo letu, yaani ukoo mzima wa upande wa mama, na ukoo ulikuwa umemteremsha na mchango wake: mikungu ya ndizi, mafurushi ya mdalasini, majogoo wawili. Kila nyumba ilikuwa imetoa kitu. Babu aliviuza vyote sokoni kabla jua halijakolea, kisha tukaenda kwenye duka la dawa lililofunguliwa mahali palipokuwa na duka la vitenge. Rafu bado zilikuwa na misumari ya kutundikia vitambaa.

Muuzaji, kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko la daktari, alisoma karatasi, akapanga vitu juu ya meza. Alipofika kwenye kanula akauliza, “Ya ukubwa gani?”

Karatasi haikusema. Akatoa boksi. Mle ndani kanula zilikuwa zimelala ndani ya karatasi zao za nailoni, kila moja na kichwa chake cha rangi: njano, buluu, waridi, kijani, kijivu. Nakiri kwamba zilinipendeza. Zilikuwa kama maua ya nchi isiyo na udongo.

Babu aliinama, mikono nyuma, kama anavyoinama mtu anayechagua jembe. “Kubwa ni ipi?”

“Hii ya kijivu, mzee. Lakini hiyo ni ya ajali, ya mtu anayetoka damu nyingi.”

“Na ya njano?”

“Ya vitoto vichanga.”

“Sasa wewe,” babu akasema, “unaniambia mgonjwa wangu, mkubwa wa ukoo, mwanamke aliyezaa watoto tisa, nimpelekee ya kitoto?”

“Mzee, sijasema hivyo. Nasema ya waridi inamtosha.”

“Kumtosha! Sikuja mjini kutafuta ya kumtosha.”

Tukaondoka na ya kijivu.

Muuguzi aliyeipokea wodini aliigeuza mbele ya dirisha, akaniuliza mimi, maana babu alikuwa ametoka kwenda kuswali: “Hili bomba la bwawa la Mindu mnataka nimwekee nani? Nendeni mkabadilishe.” Kwa hiyo nilirudi mbio peke yangu nikaleta ya waridi, nikamficha babu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kusema uongo kwa ajili ya kanula, ingawa huo wa kwanza ulikuwa mdogo.

Kuingiza ilikuwa kazi nyingine. Mishipa ya bibi ilikuwa inaonekana vizuri kabisa, imesimama juu ya mikono yake kama mizizi ya mti kwenye njia ya mlimani, lakini sindano ikigusa tu, mshipa unajisogeza pembeni. Wauguzi wawili walijaribu, wakashindwa. Bibi, ambaye homa ilikuwa imempa nafuu kidogo, aliwaangalia kwa huruma.

“Msihangaike wanangu. Hata marehemu mume wangu alinitafuta miaka miwili.”

Akaitwa muuguzi mzee, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifunga mpira juu ya kiwiko, akafumba macho, akapapasa mgongo wa mkono wa kushoto taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na bila kufumbua macho akaingiza. Damu ikachungulia ndani ya kichwa cha waridi. Akachomoa chuma, akaacha kile kimrija laini ndani, akabandika plasta. Maji yakaanza kudondoka ndani ya chupa, tone kwa tone, na nilihisi kama ni mimi ninayenyweshwa.

“Binti,” muuguzi mzee akaniambia, “kinachobaki ndani ni plastiki tu, sindano nimeshaitoa, kwa hiyo asiogope kukunja mkono. Lakini siku tatu. Siku tatu zikitimia itoke. Mkiizidisha, mkono unaoza.”

Nilisikia. Bibi alikuwa amelala, au nilidhani amelala.

*

Tuliporudi, pikapu ya ndizi ilitufikisha Kiroka, na hapo wapwa wanne wa babu walikuwa wakingoja na machela. Ilikuwa tayari siku ya nne ya kanula. Bibi alilala chali, akabebwa kupanda katikati ya migomba na mashina ya mdalasini yenye majeraha mapya, ukungu ukishuka kutulaki. Mkono wa kushoto aliuinua juu. Kila tulipopita nyumba, watu walitoka kumpa pole, na waliuona ule mkono umesimama peke yake juu ya machela, una plasta nyeupe na kidude cha waridi.

“Nini hicho, mama?”

“Kanula,” bibi akajibu, akilitamka neno lile kama jina la mkwe mwenye cheo.

Nilingoja mpaka tumemlaza kwenye mkeka, nikaleta maji ya moto na kitambaa. “Bibi, naitoa sasa. Hapa hakuna muuguzi wa kumuonea aibu.”

Akaufunika mkono. “Nani kakwambia naona aibu?”

“Sasa kwa nini ulificha?”

“Mke mwenzangu,” akasema, ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa vile mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, “wewe umesoma. Hebu nieleze. Ndizi zilizouzwa kununua kitu hiki, zilikuwa za nani?”

“Zetu.”

“Wakati wa kukiingiza, watu wangapi walishindwa?”

“Wawili.”

“Malaria itarudi au haitarudi?”

Nikakamua kitambaa.

“Itarudi masika. Nitateremshwa tena. Wataniambia ninunue tena, watanichoma tena mpaka wamwite yule mzee wa miwani, kama bado yupo. Mimi mlango wangu uko wazi. Nitafika, nitawaambia, leteni maji yenu, mimi niko tayari. Sasa niambie, mtu mwenye akili anajenga mlango kisha anaubomoa?”

Nimekaa na hoja ile miaka mingi, na hadi leo sijaona ufa ndani yake, isipokuwa ule mmoja kwamba ingemuua.

Nilimweleza habari ya siku tatu. Nikamweleza uchafu unavyoingia. Akaniambia niende nikachume mchicha.

Siku mbili zilizofuata nyumba ya bibi haikukauka wageni. Alikaa barazani, mkono umelazwa juu ya mto wenye foronya iliyotariziwa, na watu wakauamkia mkono kabla ya mwenyewe. Mwenye friji alikuja. Akautazama kwa makini ya mtu aliyezoea vyombo vya kisasa.

“Inaingiza tu, au na kutoa?”

“Inaingiza,” bibi akasema. “Lakini si ya serikali hii. Yetu.”

“Na ikikosa maji?”

“Friji yako imekosa nini?”

Wakaelewana kabisa.

Jambo la udhu lilimsumbua kidogo, maana maji hayakupaswa kugusa pale mahali. Akaitwa maalimu wa msikiti. Maalimu aliuchunguza mkono, akasema mtu aliyefungwa bandeji hupangusa juu yake kwa mkono uliolowa, inatosha, dini haina uzito. Bibi akanigeukia akiwa ameshinda. “Unaona? Hata dini inaijua.” Maalimu alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza kitu, na nadhani ni lile neno la kwamba ruhusa ile ni ya mwenye jeraha lisilo na budi, lakini alikuwa ameshaletewa chai.

Asubuhi ya siku ya saba, nilipokuwa nikimfunga khanga, nikaona ngozi kando ya plasta imekuwa nyekundu na inang'aa. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto. Kutoka hapo ulipanda mstari mwembamba, mwekundu, kama uzi uliosahauliwa na fundi, mpaka karibu na nusu ya njia ya kwenda kwenye kiwiko.

“Inauma?”

“Haiumi.”

Nikaigusa tena. Akafumba jicho moja.

Nikakimbilia kwa babu. Nilimkuta akichonga mpini. Nikamwamkia, nikamwambia kila kitu: siku tatu za muuguzi, uongo wa wodini, mstari mwekundu. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia. Hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa na uwezo wa kumwamuru dada yake.

Babu aliweka kisu chini. Alikuwa mtu wa haki, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu.

“Mjukuu wangu, nimekuelewa. Lakini kitu kile kila nyumba ilitolea chake. Wa bondeni walitoa ndizi, wa juu walitoa mdalasini. Leo nikikitoa mkononi mwa dada yangu kwa neno langu tu, kesho watasema nimeitupa mali ya lukolo. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kukinunua, tena nilichukua kikubwa.”

“Babu, ni plastiki!”

“Na shamba ni udongo. Ijumaa ni leo. Tukitoka msikitini nitaita kikao.”

Nilipokuwa naondoka, mpwa mmoja aliyekuwa akisikiliza kwenye mgomba akanifuata. Mtoto wake alikuwa na homa tangu jana. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu sana, bibi akimaliza zamu yake, haiwezekani mtoto naye akawekewa hiyo hiyo, maana ni ya ukoo.

Nilimshika mkono nikamwambia asirudie kuliwaza jambo hilo, kwamba kitu chenye damu ya mtu mmoja hakiwekwi kwa mwingine, kwamba ndugu kadhaa tumeshawazika kwa mambo kama hayo tukasema ni kifua. Kisha nikashuka mlima.

*

Zahanati ilikuwa chini, kwenye daraja la mto, mwendo wa saa nzima kwa anayetembea, na nusu saa kwa anayeanguka. Mganga wa pale alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wanyamwezi ni watani wetu tangu zama za misafara. Alikuwa anapima vitoto uzito.

“Shikamoo, Bwana Mganga.”

“Marahaba. Mluguru umeshuka mwenyewe au umeteleza?”

Sikuwa na utani. Nikamweleza huku natazama chini. Nilipofika kwenye mstari mwekundu hakucheka tena.

“Umefika wapi?”

Nikamwonyesha kwenye mkono wangu.

“Ana baridi? Anatetemeka?”

“Leo asubuhi, kidogo. Anasema ni ukungu.”

“Kwa nini hamkumleta?”

“Hataki. Na babu anasema ni mali ya ukoo mpaka kikao. Kikao ni leo baada ya sala.”

Alimrudisha mtoto kwa mama yake. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wenye pamba, spiriti, bandeji na vichupa vya sindano. Kisha akafanya jambo nisilolitegemea: akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari.

“Huendi nalo?”

“Nikipanda na koti mimi ni serikali,” akasema. “Watanikaribisha kiti, watanipa ndizi, watanisikiliza mpaka mwisho, halafu watakataa kwa heshima zote. Nawajua. Nikipanda bila koti, mimi ni mtani.”

Nilielewa, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya uji nikavuta pumzi mpaka chini. Mtani akikunyang'anya kitu chako huna hasira. Unaweza kumtukana, unaweza kumdai fidia, lakini ukinuna wewe ndiye uliyevunja sheria, na hiyo ni sheria ambayo hata babu hakuwa na uwezo wa kuiitia kikao.

*

Tulipofika walikuwa wameshaanza. Wazee walikuwa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya bibi, wanawake upande wa migomba, na bibi katikati, mkono juu ya mto. Uso wake ulikuwa umepauka rangi ya majivu lakini alikuwa amekaa wima. Mganga alinizuia nyuma ya ukuta. “Ngoja niwasikie kwanza. Nisije nikamkatiza mtu anayejiaibisha mwenyewe.”

Mzee mmoja wa juu alikuwa akisema kwamba kwa vile mdalasini ndio uliopata bei nzuri, watu wa juu wana haki ya kuulizwa kwanza. Mzee wa bondeni akajibu kwamba mgonjwa hakutundikiwa mdalasini. Shangazi mmoja akauliza, bibi akifariki, Mungu apishe mbali, kitu hiki kitarithiwa na nani, kwa kuwa kimekaa kwenye mwili wa mwanamke. Wanawake wakasema kitakwenda kwa binti mkubwa, yaani mama yangu, ambaye saa ile alikuwa akifundisha kuzidisha huko Mwembesongo bila habari ya urithi wake. Babu akasema jambo la leo si urithi, ni kutoa au kutotoa. Mtu akapendekeza kitolewe kioshwe kiwekwe kwenye friji.

“Friji imejaa,” mwenye friji akasema.

Hapo mganga akatokea, tena hakutokea, alilipuka.

“Waluguru! Nimewasikia kutoka darajani! Mnapiga kelele kama nyani waliokuta shamba limevunwa!”

Kikao kizima kikageuka. Nyuso zilizokuwa zimekaza zikaanza kulegea kabla wenyewe hawajataka.

“Huyo mpagazi kaja,” mzee wa bondeni akasema. “Leo umebeba mzigo wa nani?”

“Nimekuja kuubeba wa kwenu, mmeshindwa.” Akapita katikati yao, akakivuta kigoda cha babu, akakikalia mbele ya bibi. Babu alibaki amechuchumaa hewani. “Shikamoo, bibi. Nasikia umenunua kitu kizuri.”

“Marahaba. Usikiguse.”

“Sijakigusa. Nakitazama.” Alikuwa ameshaushika mkono. Vidole vyake vikubwa vilikuwa vyepesi ajabu. “Aa! Cha waridi! Nyumbani kwetu Tabora wazee wanalilia kitu kama hiki.”

“Cha kijivu,” babu akasema. “Mimi nilinunua cha kijivu.”

Nikautazama mlima wa mbele kwa bidii.

“Wewe mpagazi,” bibi akasema, “mizigo ya Waarabu iliwadidimiza shingo mkabaki na masikio mabegani. Niachie mkono.”

“Na ninyi mlijificha huku juu mkiogopa kubeba hata kivuli chenu.” Plasta ilikuwa imebanduka upande mmoja. “Mluguru akipoteza mbuzi anamtafuta juu ya mti.” Upande wa pili. “Binti, pamba.” Nikapiga magoti nikaishika pamba yenye spiriti. “Mluguru ukimpa kitanda analala chini yake, anasema mteremko ni mkali. Mimi hiki nimekipenda. Nakichukua.”

“Ukithubutu!”

“Nimethubutu.”

Akakichomoa. “Kandamiza,” akaniambia, nami nikakandamiza.

Alikiinua juu wakione wote. Kilikuwa kimrija kifupi, chembamba kama shina la jani la mpunga, hakifiki hata urefu wa kidole changu cha shahada, kimepinda kidogo, kina kichwa chake cha waridi. Kikao kikakitazama. Najua sasa kwamba wengi wao walikuwa wameamini kinakwenda mpaka moyoni.

“Ndicho hicho tu?” babu akauliza.

Chini ya pamba yangu kulitoka kwanza damu, kisha kitu kingine, cha njano, kizito, chenye harufu, na harufu ile ikaenda taratibu kutoka mkeka hadi mkeka, ikamaliza kikao. Shangazi wa urithi akafunika pua. Mpwa mwenye mtoto akautazama ule usaha, akanitazama mimi, akaondoka akikimbia. Baadaye nilijua alikwenda kumbeba mwanawe na kumpeleka zahanati.

Bibi alikuwa akitetemeka. Alimkazia macho mganga, na niliona hasira ikipanda ndani yake, ya kweli, hasira ya mtu aliyebomolewa nyumba, ikafika kooni, ikakuta sheria imesimama pale.

“Umeniibia, mtani,” akasema.

“Nimekuibia, bibi.”

“Utalipa.”

“Sema.”

“Utakuja kuutazama mkono huu kila siku mpaka upone. Wewe mwenyewe, usinitumie mtu. Kwa miguu, na mlima huu huu.”

“Bibi, unaniua.”

“Wewe ni mpagazi. Panda.”

Wazee wakapiga makofi, fidia ikapita. Kisha mganga akasema kanula ni yake sasa na anaipeleka chooni, na babu, ili mambo yawe na utaratibu, akateua mashahidi wawili wakamsindikize.

*

Haukuwa mkono wa kupona haraka. Alimchoma penisilini matakoni kila siku, juma zima, na kila siku bibi alimwambia kwamba mtu wa Tabora hana haya. Alimpasua usaha, akamwosha, akamfunga. Siku tatu za kwanza mstari mwekundu haukusogea, nami sikula. Siku ya nne ulikuwa umefifia chini ya nusu. Nilikuwa nimemshikia taa ya jua, yaani kioo cha kujitazamia, nikimulika jeraha kutokea mlangoni, nikageuka kumwonyesha bibi hata mwanga ukamwingia mganga machoni.

Alipokwisha kuondoka siku ile nilimwambia bibi kwamba kosa ni langu. Nilimwambia kwamba muuguzi mzee alinieleza habari ya siku tatu, na kwamba ningesema neno moja tu wodini asingefika huku.

“Lakini na mimi nilimsikia,” bibi akasema.

“Ulikuwa umelala.”

“Kwinini ilinijaza kengele masikioni, lakini hilo nililisikia. Unadhani kwa nini nilifunga khanga mapema?”

“Sasa kwa nini, Bibi?”

Ukungu ulikuwa unapita barazani kama mtu anayepita katikati ya ugomvi wa watu.

“Umri huu kila kitu changu kinajifunga,” akasema. “Jicho limefunga. Goti limefunga. Masikio yanakwenda. Hata njia ya kwenda kisimani siku hizi ni kama imefungwa. Nikaona mahali pamoja pamefunguliwa.” Akaugeuza mkono wenye bandeji. “Nikasema, na hapa nifunge mwenyewe?”

Nikamsogezea mto chini ya mkono.

Wiki ya tatu mganga alifungua bandeji, akautazama mkono kwa muda, akaubonyeza hapa na pale, akasema deni lake limekwisha. Pale palipokuwa na kanula palibaki kovu dogo lenye kung'aa. Bibi akamwita mwizi, naye akamwita bibi nyani mstaafu, akashuka.

Siku ya pili yake bibi alioga mapema, akavaa khanga mpya, akakaa barazani. Saa ya mganga ilifika ikapita. Nilimletea chai, akaiacha ipoe. Ilipofika alasiri akasonya.

“Mtani gani huyu? Mtu akipona tu, hajulikani tena.”

“Amesema amemaliza, Bibi.”

“Nimemsikia alichosema.” Akautazama mteremko, migomba, njia nyekundu inayopotea kwenye ukungu. “Shuka kamwambie nina homa.”

Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa la baridi, lenye harufu ya mafuta ya nazi.

“Bibi, huna homa.”

“Mke mwenzangu, nimekutuma au nimekuuliza?”

Nikavaa kandambili zangu nikashuka.